Jamu isiyopikwa: kumbukumbu yangu ya blakiberi, Julai hadi Novemba

27 Julai

Mwaka huu naandika. Mwaka jana nilitengeneza jamu kidogo ikatoka tamu ajabu, na sasa nimekaa jikoni najaribu kukumbuka nilitia nini na nini, sikumbuki. Ndiyo taabu yetu sisi tuliofunzwa kupika kwa jicho. Biryani nitakupikia nimefumba macho, lakini jamu ya mwaka jana imepotea.

Tunaishi Orting, mji mdogo wa jimbo la Washington, Marekani, chini ya Mlima Rainier. Mbingu ikiwa safi unauona mlima wote, mita 4,392, na theluji yake katikati ya kiangazi. Mimi mtu wa Tanga, theluji ya Julai bado sijaizoea. Karibu na kwetu inapita Foothills Trail, njia ya baiskeli na waenda kwa miguu iliyotengenezwa palipokuwa na reli zamani, na kandokando yake vimejaa vichaka vya miiba vya blakiberi, tunda dogo jeusi, visivyo na mwenyewe.

Visivyo na mwenyewe kwa sababu wenyeji wanavichukia. Wanaiita blakiberi ya Himalaya, ingawa asili yake ni pande za Armenia na kaskazini ya Irani. Jina hilo lilitoka kwa Luther Burbank, mtaalamu wa mimea wa California, aliyepata mbegu kutoka India mwaka 1885 akaanza kuuza miche yake. Akapata alichotaka: mmea unaozaa sana. Kisha mmea ukatoroka bustanini. Ufito wa mwaka wa kwanza hauzai, unarefuka tu. Mwaka wa pili unazaa, halafu unakufa. Lakini kabla ya kufa, ncha yake ikigusa ardhi inatoa mizizi, na ukigeuka una kichaka kingine. Leo jimbo limeiweka kwenye orodha ya magugu mabaya. Mtu akikukuta unachuma anakutazama kama anayetaka kukushukuru.

Leo nimekwenda kukagua tu. Bado nyekundu. Ila chini kwenye kivuli tulikuta ile blakiberi ya kienyeji, inayotambaa ardhini, vijani vitatu vitatu, tunda dogo kama punje ya kunazi. Hiyo huiva mapema, na utamu wake huu mwingine hauufikii. Tulipata kiganja kimoja. Haikufika nyumbani.

3 Agosti

Mavuno ya kwanza. Vifaa: suruali ya dangirizi, shati la mikono mirefu, kindoo cha lita 4 kilichofungwa kamba shingoni ili mikono yote miwili iwe huru, na ubao. Ubao ni siri niliyofundishwa na jirani. Unaulaza juu ya kichaka, unaukanyaga, unaingia ndani ambako wenye baiskeli hawafiki. Miiba yake imejipinda kama kucha za paka: ukiingiza mkono inakuruhusu, ukiutoa inakushika.

Jambo nililojifunza ni kutazama mng'ao. Blakiberi inayong'aa bado, hata ikiwa nyeusi tititi. Ikiiva kweli inafifia, inakuwa nyeusi ya mkaa, na ukiigusa inakuangukia mkononi bila kuvutwa. Kwenye kila kishada ile ya nchani kabisa ndiyo ya kwanza kuiva na ndiyo kubwa. Binti yangu, miaka tisa, aligundua hilo kabla yangu, akawa anatangulia anakula za nchani zote, mimi naokota mabaki.

Karibu na barabara ya magari sichumi hata ziwe kubwa vipi. Vichaka hivi hupuliziwa dawa ya kuua magugu. Ukiona majani yamenyauka na kujikunja na vichaka vya jirani viko kijani, pita.

Jioni nikampigia mama video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mikono imekuwaje, umejipaka piko?"

Nikamwonyesha kindoo. Akasogeza uso kwenye simu. "Hizo si forosadi?"

"Zinafanana, ila hizi zina miiba na zinatambaa. Nataka kutengeneza jamu, ile ya friza. Matunda hayachemshwi."

"Hayachemshwi? Itachacha hiyo."

"Inakaa friza, mama."

"Na umeme ukikatika?"

"Huku haukatiki."

Akanyamaza kidogo. "Haya."

4 Agosti

Toleo la kwanza. Naliandika kwa aibu.

Maana ya jamu ya friza ni hii: tunda linabaki bichi. Unaliponda, unalichanganya na sukari, unachemsha pektini, unga unaofanya jamu ishike, peke yake na maji kwa dakika moja, unamimina, unakoroga, basi. Kwa kuwa moto haujaligusa tunda, rangi haigeuki kuwa ya kahawia na harufu inabaki ile ya kichakani. Gharama yake ni kwamba haiwezi kukaa kabatini. Kinachoilinda ni baridi.

Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi la pektini. Vikombe 3 vya tunda lililopondwa, vikombe 5 na robo vya sukari. Nikacheka. Kwa gramu hiyo sukari ni zaidi ya kilo moja, na tunda halifiki hata kilo. Nikasema hawa Wamarekani na sukari yao, nikatia nusu. Na kikombe nilichopimia ni kile cha chai cha baba watoto, kinachoingia karibu mililita 350, wakati kikombe chao cha mapishi ni kama 240. Sasa jaribu kukadiria nilitia nini na nini. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Makopo yanatakiwa yakae mezani saa 24 yashike. Nikayaacha.

5 Agosti

Nimeinamisha kopo. Limemwagika kama uji wa mgonjwa.

Nimesoma sababu. Pektini ya kawaida haishiki bila sukari nyingi na ukali kidogo wa tunda. Sukari inavuta maji, ndipo nyuzi za pektini zinapata nafasi ya kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ukipunguza sukari hukupunguza utamu, umeondoa nguzo ya nyumba.

Hatukumwaga kitu. Watoto wanakunywa na maziwa baridi, na baba watoto amekula chapati nne kwa hiyo "jamu", anaomba niharibu tena wiki ijayo.

10 Agosti

Toleo la pili, na safari hii nilikuwa na msimamizi. Jirani yetu, mama wa miaka themanini na kitu, tunamwita Bibi na ameshazoea, alikuja na vikombe vyake vya kupimia na kisu. Kila kikombe cha sukari alikijaza, akapitisha mgongo wa kisu juu yake, ziada ikarudi mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshatia vikombe viwili kabla hajakaa. Alivimwaga vyote akaanza upya bila kusema neno.

Matunda nimeyaponda kwa mchi mdogo wa vitunguu saumu, tabaka moja moja. Mashine ya kusagia alinikataza: inavunja mbegu, na tunda linakuwa maji. Vikombe 3 vya rojo, sukari vikombe 5 na robo, koroga, acha dakika 10. Hapa ndipo jikoni paliponukia. Sukari iliyokuwa mlima mweupe ilianza kuzama pembeni, ikawa waridi, kisha zambarau, kisha ikapotea. Boksi moja la pektini ya unga na robo tatu kikombe cha maji kwenye sufuria, moto mkali, koroga mpaka ichemke kweli, hesabu dakika moja. Inakuwa nzito kama gundi ya wanga. Mimina juu ya tunda, koroga dakika 3. Bibi alichukua tone kwa ncha ya mwiko akalisugua kwa vidole viwili: ukisikia chenga, sukari bado, endelea.

Nilitaka kupika mara mbili kwa mkupuo, yaani nizidishe kila kitu. Akatikisa kichwa. Ukizidisha haishiki vizuri. Toleo moja moja.

Nimejaza chupa 6 za kioo, zile nzuri zenye mabega, hadi mdomoni. Zimependeza sana dirishani jua likipita. Bibi alikuwa ameshaondoka, vinginevyo asingeniruhusu.

12 Agosti

Imeshika. Unachota kijiko, shimo linabaki shimo. Rangi ni ile ile ya kichakani.

Nilizitia friza jana jioni. Asubuhi chupa mbili zimepasuka begani. Kitu chenye maji kikiganda kinavimba, na kwenye chupa yenye mabega kinapopanda hakina pa kwenda ila kusukuma kioo. Za kioo zinazofaa ni zile zilizonyooka kama bilauri, au makopo ya plastiki tu, na juu unaacha nafasi ya sentimita moja na kidogo. Jamu ya zile mbili nimeitupa yote, siwezi kuwapa watoto kitu chenye vipande vya kioo. Nne zilizopona nimezihamishia kwenye plastiki, chupa nimeosha.

Kuhusu ladha: nzuri, lakini tamu. Nilipomtajia mama kipimo cha sukari alisema, "Hiyo halua."

24 Agosti

Toleo la tatu, na nadhani hili ndilo langu.

Iko pektini nyingine, ya jamu isiyo na sukari nyingi. Hii haitegemei sukari kushika. Inashika kwa msaada wa kalsiamu. Kipimo: rojo vikombe 4, sukari vikombe 3, maji kikombe kimoja. Utaratibu ni tofauti kidogo: pektini unaichanganya na sukari kwanza kwenye sufuria, ndipo utie maji, uchemshe dakika moja, kisha uondoe motoni na kukorogea tunda humo. Nusu ya rojo niliipitisha kwenye chujio kwa mgongo wa upawa kuondoa mbegu. Nusu tu, ukiondoa zote inakuwa laini mno, kama ya dukani.

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na kisa cha wadudu. Mwisho wa Agosti anaingia inzi mdogo aliyetoka Asia, aliyeonekana California mwaka 2008 na Washington mwaka uliofuata. Inzi wengine wa matunda wanangoja tunda lianze kuoza. Jike wa huyu ana msumeno nyuma, anatoboa tunda zima na kutaga ndani. Kwa macho huoni kitu. Bibi aliniambia niziloweke kwenye maji ya chumvi nusu saa. Dakika ya kumi hivi vibuu vikaanza kutoka, vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinajinyonga polepole. Binti yangu alihesabu kumi na vinne, akasema hali tena blakiberi maisha yake yote. Baba watoto akasema hicho ni kitoweo. Nilisuuza mara tatu, nikaponda. Jioni binti alikuwa analamba mwiko.

Hii imeshika kwa ulaini, si ngumu kama ya pili, na ukali wa tunda unausikia nyuma ya ulimi. Ladha ilinirudisha kwenye zambarau za utotoni zilizotikiswa na chumvi, ulimi mzima unageuka rangi. Nimerudia toleo hili kesho yake. Jumla makopo 12.

15 Septemba

Mvua zimeanza, matunda yaliyobaki yamelowa na kuota ukungu. Msimu umekwisha. Kopo likitoka friza linakaa usiku mmoja kwenye friji, na likishafunguliwa tunalimaliza ndani ya wiki 3. Hapa halimalizi siku tano. Kwenye boflo ni nzuri, kwenye mandazi ya moto ni hatari.

21 Novemba

Juzi usiku upepo mkali umepita magharibi ya jimbo lote, miti imelalia nyaya, mamia ya maelfu ya nyumba gizani. Na sisi tumo.

Nilikaa na tochi mbele ya friza kama mlinzi. Watoto wamekatazwa kugusa mlango. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi kama saa 48. Iliyo nusu, kama 24. Yetu ilikuwa imejaa: samaki, mihogo, nazi ya kukunwa, na jamu. Umeme umerudi leo asubuhi baada ya saa 31. Samaki mwamba. Makopo ya toleo la tatu magumu. Yale ya toleo la pili yalikuwa laini, lakini hayo ndivyo yalivyo siku zote, sukari yake haiachi yagande sawasawa.

Nikampigia mama.

"Mama, umeme ulikatika."

"Nilikuuliza mimi, hukuniuliza wewe. Jamu imepona?"

"Imepona."

"Basi nitumie."

Nikamweleza haisafiri. Ikitoka friza ina wiki tatu tu tena kwenye friji, na mzigo wa Tanga unazidi hapo.

"Sasa jamu gani hiyo," akasema, "isiyoweza kuja kumwona mtu."

Yamebaki makopo 7. Mwakani toleo moja litachemshwa jikoni vizuri, lifungwe kwenye kioo, lipande ndege. Zile chupa nne zenye mabega nimezitoa chini ya sinki nikaziweka kabati la juu, mbali na mtu yeyote anayetafuta pa kutia pilipili.