Kumsikia David Cassidy upya

Novemba 21

Tarehe kama ya leo, mwaka 2017, David Cassidy, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, alifariki Fort Lauderdale, Florida, akiwa na miaka 67. Wanaomkumbuka wengi huanza na nywele na tabasamu. Mimi huanza na sauti, maana ndiyo iliyodhulumiwa.

The Partridge Family, tamthilia ya televisheni iliyompa umaarufu, ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani Septemba 25, 1970, ikaisha Machi 1974 baada ya vipindi 96. Mama mjane na wanawe watano wanaunda bendi, wanazunguka na basi la shule lililopakwa rangi kali. Wazo lilitoka kwa The Cowsills, bendi ya familia ya kweli ya Rhode Island. David aliigiza Keith, mtoto wa kwanza. Aliyekuwa mama yake kwenye televisheni, Shirley Jones, nyumbani alikuwa mama yake wa kambo, mke wa Jack Cassidy. Na katika bendi nzima ile, ni hao wawili tu walioimba kwenye santuri. Waliobaki walichezesha midomo.

Hata David aliajiriwa achezeshe midomo. Sura iwe yake, sauti iwe ya waimbaji wa studio. Ni yeye aliyemwomba prodyuza Wes Farrell amsikilize, ndipo akapewa kipaza sauti. Kwenye albamu ya kwanza bado kuna nyimbo zinazoongozwa na waimbaji wa studio, na tofauti unaisikia upesi: wao wako safi, wamepangika, lakini hakuna mtu mmoja anayekuambia jambo. Nasema hivi bila kuwadharau. John na Tom Bahler, Ron Hicklin na Jackie Ward walikuwa mafundi wa kuitikia, kama walivyokuwa mafundi Hal Blaine kwenye ngoma na Joe Osborn kwenye besi.

Ukitaka kuisikia kazi yao, chukua “I Think I Love You”, utunzi wa Tony Romeo, uliokaa namba 1 Marekani kwa wiki 3 kuanzia Novemba 1970. Mara ya kwanza sikiliza waitikiaji peke yao, wanaofungua wimbo bila maneno. Mara ya pili fuata besi. Mara ya tatu subiri kile kinanda cha kizamani chenye nyuzi za kudonolewa kinapojitokeza katikati. Ukishavitoa hivyo vyote kichwani, anabaki kijana wa miaka 20 anayeimba kama mtu aliyeshtuliwa na moyo wake mwenyewe. Hilo halikuwekwa na prodyuza.

Dhuluma yenyewe ilikuwa kwenye utepe wa kurekodia. David alieleza baadaye kwamba rekodi za mwanzo ziliongezwa kasi ili asikike mdogo. Ukiongeza kasi ya utepe kwa asilimia 6 hivi, sauti inapanda nusu toni, na wimbo wa dakika 3 unapungua sekunde 10. Tatizo ni kwamba haipandi noti peke yake. Mtetemo wa koo unaharakishwa, herufi za mwisho zinafupishwa, na kifua kinapotea, kwa sababu mwangwi wa mwili nao umepandishwa. Mwanamume mzima anageuka mvulana. Gitaa na ngoma huvumilia hila hiyo, koo la mtu haliwezi.

Mkataba wa kwanza ulimpa dola 600 kwa wiki. Meneja wake, Ruth Aarons, ambaye zamani alikuwa bingwa wa dunia wa tenisi ya meza, ndiye aliyegundua kwamba David aliusaini kabla ya kutimiza miaka 21, umri wa utu uzima kisheria wakati huo, na wakaujadili upya. Ratiba haikujadiliwa. Siku za kazi kupiga picha, usiku studio, mwisho wa wiki jukwaani. Koo lisilopumzika huvimba, likivimba mwimbaji hulisukuma, na kulisukuma ndiko kunakoliumiza.

Mei 26, 1974, David akiwa ziarani, katika onyesho lake kwenye uwanja wa White City, London, umati ulisogea mbele. Watu mamia waliumia, na msichana wa miaka 14 alifariki siku chache baadaye. Katika msongamano kama huo kinachoua zaidi si kukanyagwa, ni kubanwa: aliye nyuma anasukuma kidogo tu bila kuona chochote, misukumo inajumlishana, na aliye kwenye kizuizi cha mbele hawezi kutanua mbavu apate pumzi. Dawa yake ni kuugawa umati kwa vizuizi tangu nyuma, kabla muziki haujaanza. Kuwasihi kwa kipaza sauti warudi nyuma ni kuchelewa, maana walio mbele hawana pa kurudi. Baada ya ziara hiyo aliacha majukwaa kwa miaka.

Leo nimeweka “How Can I Be Sure”, aliyoipandisha namba 1 Uingereza mwaka 1972. Mapigo yake ni ya tatu tatu, yanayumba kama dansi ya wazee, na mwimbaji hana ngoma nzito ya kujificha nyuma yake. Anauliza swali, anangoja, anauliza tena. Nimeirudia mara nne.