Kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ilikuwa inagoma kukata kona

Ekseli ya nyuma haina difrensha, gia inayoruhusu tairi za pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo tairi zote mbili huzunguka sawasawa na kuisukuma kwadi mbele hata usukani ukiwa umekatwa. Usukani nao ulikuwa umelalia nyuma, kwa hiyo uzito wa mwili wa dereva unabaki kwenye tairi za nyuma, za mbele zinakosa mzigo.

Nililegeza bolti nne za kishikio cha usukani, nikausogeza usukani mbele kidogo mpaka viwiko vikae nje, kisha nikakaza kidogokidogo kwa mshazari. Kata usukani pande zote injini ikiwa sailensa (inawaka bila kuongezwa mafuta): mngurumo ukipanda, kebo ya mafuta imevutika.

Kwenye kona, sogea mbele, toa kiuno upande wa ndani, kanyagia mguu wa nje. Breki zishikwe kabla ya kona.