Glanza V ya Mtwara: kumbukumbu ya kuiondoa CT9

Hali ya gari kabla ya kazi

Gari ni Toyota Starlet Glanza V (EP91), injini ya 4E-FTE yenye cc 1,331, gia za mkono, inavuta kwa magurudumu ya mbele. Kiwandani ilipewa nguvu farasi 135 na turbo ya CT9 yenye busti (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo) ya bar 0.65 hivi. Eksozi ya inchi mbili na nusu imeshafungwa, intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) imehamishwa kutoka juu ya injini hadi mbele ya redieta, na busti iko 0.9. Hapo ndipo CT9 inapoishia. Ukiilazimisha ivuke, busti inafika mapema halafu inashuka kadiri mzunguko unavyopanda, maana feni yake ya moshi ni ndogo na moshi unakosa pa kupita. Kinachoongezeka ni joto tu.

Lengo ni farasi 190 kwenye krenki kwa busti ya 1.0, pistoni na konrodi zilezile za kiwandani. Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni injini ikiwa ya moto, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi mwisho. Silinda zote nne zisipishane zaidi ya bar 1. Injini inayoshindwa kipimo hiki haihitaji turbo, inahitaji ringi.

Hesabu

Wengi huchagua turbo kwa jina au kwa ukubwa wa mdomo wake. Zinazotakiwa ni namba mbili: hewa kiasi gani kwa dakika, na igandamizwe mara ngapi.

Lita 1.331 kwenye mizunguko 7,000 ni silinda kujazwa mara 3,500 kwa dakika, yaani lita 4,659. Injini haijazi kikamilifu. Ukichukua asilimia 90 unabaki na lita 4,190 hivi. Mtwara tuko usawa wa bahari, kwa hiyo busti ya 1.0, ikijumlishwa na shinikizo la hewa ya nje, ni shinikizo kamili la kPa 201. Hewa hiyo ikiingia kwenye manifoldi ikiwa na nyuzi 63, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 2.08. Jibu ni kilo 8.7 za hewa kwa dakika. Kwenye petroli, kila kilo ya hewa kwa dakika huzaa takriban farasi 22, na hapo tumeifikia 190.

Nyuzi 63 zimetoka wapi? Hewa ya nje tumeihesabu nyuzi 32, kama ilivyo hapa siku nyingi za mwaka. Turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 inaitoa ikiwa na nyuzi 135 hivi, na intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka inaishusha hadi 63. Ufanisi ukianguka hadi asilimia 60, hewa inatoka turbo na nyuzi 152. Tofauti hiyo ndiyo inayoanzisha kugonga kwenye silinda, yaani petroli kulipuka yenyewe kwa joto, na ndiyo sababu turbo mbili zenye busti ileile hazitoi nguvu ileile.

Namba ya pili. Filta ya hewa inapoteza kPa 2, intakula na mabomba yake kPa 7. Kwa hiyo turbo inavuta kwenye kPa 99 na inatakiwa kutoa 208, mgandamizo wa mara 2.1. Gari ikipelekwa Njombe, karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ya nje ni kama kPa 80, na busti ileile ya 1.0 inadai mara 2.4. Feni inazunguka kwa kasi zaidi na joto linapanda. Turbo iliyochaguliwa kwa kubahatisha hapa pwani itaumbuka kule juu hata kama geji ya busti inasoma namba ileile.

Turbo zilizopimwa

CT9 iliyokerezwa na kuwekwa feni kubwa ya hewa ndiyo njia rahisi: inakaa palepale, bomba za oili na maji hazibadiliki, hakuna kuchomelea. Lakini feni ya moshi ni ileile, na hapo ndipo palipobana. Inamfaa anayetaka farasi 160 na kitu atulie.

TD04L yenye feni ya 13T ndiyo iliyo kwenye baadhi ya Subaru Forester za turbo, na kwa jinsi Forester zilivyojaa Tanzania, spea yake inapatikana Gerezani, Dar es Salaam, ikaja na basi. Turbo hii ndiyo iliyokuwa kwenye Impreza WRX ya soko la Marekani ya 2002, injini ya lita 2.0 yenye farasi 227. Kwa hiyo 190 haiisumbui, na ina akiba ya kupandia milima.

Garrett GT2560R ni turbo nzuri ya beringi za gololi. Mtengenezaji anaipa farasi 200 hadi 330. Kwa lita 1.3 ni kumvisha mtoto kanzu ya babu yake: inaamka mzunguko umeshapanda sana, halafu unabaki na kipande kifupi cha kutumia kabla ya kubadili gia.

Turbo za dizeli, hasa CT20 ya Hilux na Hiace, huletwa kwenye mazungumzo kila mara kwa sababu ni rahisi kupata. Ziachwe. Moshi wa dizeli ni baridi kuliko wa petroli, na petroli ya turbo ikikanyagwa inavuka nyuzi 900 bila shida. Kava la moshi lililotengenezwa kwa dizeli linapasuka kwenye tundu la wastegeti (mlango unaopitisha moshi wa ziada kando ya feni), na busti inakuja imechelewa.

Iliyochaguliwa ni TD04L-13T.

Kwa nini si kubwa zaidi

Magurudumu yanayovuta ndiyo hayohayo yanayokata kona. Kwenye Starlet, shafti ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu, kwa hiyo nguvu ikija kwa ghafla usukani unavuta upande. Turbo kubwa mno kwenye injini ndogo inafanya kosa hilo hasa: kimya, kimya, halafu yote kwa mkupuo, na tairi la ndani ya kona linazunguka bure. TD04L inajaza taratibu na kutimia kwenye mizunguko elfu nne hivi. Ni afadhali dereva apate farasi 190 anazoweza kuzitumia kwenye gia ya pili kuliko 230 za kuchoma matairi.

Busti imepangwa kwa gia: 0.5 ya kwanza, 0.7 ya pili, 1.0 kuanzia ya tatu. Matairi 195/50 R15, na bushi za kontroli amu mpya. Bushi zilizolegea zinafanya kazi yote hii ionekane mbaya, na mtu akailaumu turbo.

Kukagua TD04L iliyotumika

Shika ncha ya shafti, isukume ndani na nje. Usisikie mchezo wowote kwa vidole. Kwa dayo geji isizidi milimita 0.1. Mchezo wa pembeni kidogo ni kawaida kwenye beringi za bushi zikiwa kavu, ila feni isiguse kava hata ukiisukuma upande huku ukiizungusha. Mulika tochi kwenye kingo za feni ya hewa: zikiwa zimelika na kuwa butu kama zimepigwa msasa, imekula vumbi. Fungua wastegeti uangalie kati ya tundu lake na njia ya moshi. Ufa mwembamba wa juujuu unavumilika, ufa uliopenya hadi upande wa pili haufai. Oili iliyoganda kama lami kwenye mdomo wa kurudishia ni alama ya gari iliyokuwa ikizimwa ghafla ikiwa ya moto.

Manifoldi na bomba

Flanji ya Subaru ina bolti tatu na haikai kwenye manifoldi ya Starlet, kwa hiyo manifoldi inatengenezwa upya. Tumia bomba la chuma cheusi la unene wa kuhimili mvuke, skedyuli 40 ya inchi moja na robo: nje milimita 42.2, ukuta milimita 3.56. Stenlesi nyembamba inapendeza kwa macho lakini inapasuka kwenye maungio, kwani inatanuka sana na hapo imebeba uzito wa turbo nzima. Flanji za milimita 12.

Kosa kubwa ni kuchomelea flanji ikiwa huru mezani. Inajikunja. Ifunge kwa bolti kwenye silinda hedi chakavu, chomelea vipande vifupi kwa kuruka kutoka silinda hadi silinda, iache ipoe ikiwa imefungwa, kisha ipelekwe kwa fundi wa kukereza isawazishwe uso. Bila hivyo gasketi ya manifoldi inaungua upya kila mara, na moshi unaovuja kabla ya turbo unaichelewesha busti.

Kava la hewa linageuzwa ili mdomo uelekee kwenye bomba la intakula. Likishageuzwa, mkono wa wastegeti unahama, na breketi yake inatakiwa kutengenezwa upya. Mkono uvutwe milimita moja au mbili ndipo uingie kwenye pini, ili mlango ukae umebanwa.

Oili na maji

Hapa ndipo turbo nyingi nzima zinapoitwa mbovu. Oili inaingia kwa shinikizo lakini inarudi kwa uzito wake tu. Bomba la kurudishia liwe na tundu la milimita 16 au zaidi, lishuke moja kwa moja bila tumbo, na liingie sampu juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba au likiingia chini ya oili, oili inajaa kwenye turbo, inapita sili, na gari linatoa moshi wa bluu siku ileile. Fundi anasema turbo imekufa, mwenye gari ananunua nyingine, nayo inafanya vilevile. Sababu nyingine ya moshi huo ni hewa chafu ya krenki kushindwa kutoka, kwa hiyo kagua kwanza mpira wa kupumulia.

TD04L ya beringi za bushi haihitaji kubanwa oili. Kubanwa kwa tundu la milimita moja ni kwa zile za beringi za gololi. Maji yaunganishwe njia zote mbili, washa za shaba mpya kila upande wa bolti ya banjo.

Mafuta na kontroli boksi

Injekta za kiwandani ni cc 295 kwa dakika. Hewa kilo 8.7 kwa uwiano wa hewa 11.5 kwa petroli 1 inadai petroli kilo 0.76, kama lita 1.03 kwa dakika, au cc 257 kwa kila injekta. Hiyo ni asilimia 87 ya uwezo wake, na mpaka wa usalama ni 80. Zimefungwa cc 440 pamoja na pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa. Kontroli boksi ya kiwandani inakata mafuta busti ikivuka kikomo chake, kwa hiyo imewekwa ya kujitegemea, pamoja na sensa pana ya moshi, inayosoma uwiano huo wa hewa na petroli.

Usinakili ramani ya mtu wa Uingereza aliyepanga kwa petroli ya oktani 98. Anza na busti ya spring ya wastegeti peke yake, cheche imerudishwa nyuma, sikiliza kwa sensa ya kugonga, ndipo upandishe digrii moja moja kwenye petroli unayoinunua kila siku. Plagi za NGK namba 7 badala ya 6, nafasi milimita 0.7.

Majaribio

Kabla ya kuwasha, mimina oili kwenye tundu la kuingilia, toa fyuzi ya injekta, piga stata hadi taa ya oili izime.

Kisha tafuta mivujo. Ziba mdomo wa turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, peleka upepo wa kompresa ya fundi pancha, usizidi bar 1, na paka maji ya sabuni kila muungano. Hapa povu lilichemka chini ya klipu ya bomba la intakula lililo karibu na bampa, upande usioonekana ukiwa umesimama. Bomba lilikuwa laini bila kingo, na hozi ya silikoni ilikuwa ikiteleza polepole. Limechomelewa ukingo mdogo kuzunguka, na klipu za bisi zimebadilishwa kwa za bolti.

Busti ilikuwa ikipanda yenyewe juu ya mizunguko 5,500 hata solenoidi ya kudhibiti busti ikiwa imetolewa. Maana yake tundu la wastegeti halitoshi kwa eksozi iliyo wazi hivi. Limetanuliwa kwa kukerezwa, ukiachwa ukingo wa milimita 2 kuzunguka ili mlango upate pa kukalia.

Filta imebaki ndani ya boksi lake. Filta ya wazi inapiga kelele nzuri, lakini inavuta hewa ya moto ya injini na vumbi la njia za korosho za uwanda wa Makonde, na vumbi hilo ndilo linalokula kingo za feni.

Kilichobaki

Kukaza upya nati za manifoldi baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa. Gasketi ya chuma ya silinda hedi na stadi zake kabla ya kufikiria 1.1, maana gasketi ya kiwandani ndiyo itakayotangulia kuachia. Chupa ya kudakia mvuke wa oili. Oili 5W-40 sinthetiki, kila kilomita 5,000. Na difu ya kubana, inayozuia tairi moja kuzunguka bure, ikipatikana kutoka Japani pamoja na gia boksi yake, ndipo busti ya gia ya pili itakapoongezwa.