Siku moja na kalamu isiyofutika: maswali ya wanaoanza kuchora

Saa 11 alfajiri. Nyumba bado imelala. Nakaa barazani na karatasi ya A4 na kalamu ya wino mweusi. Naweka nukta mbili, napitisha mkono hewani kutoka moja hadi nyingine mara tatu bila kugusa karatasi, kisha nashusha kalamu na kuutoa mstari kwa pumzi moja. Nukta mbili nyingine. Upande mmoja ukijaa, nageuza. Dakika 20, basi. Wanafunzi wapya wakisikia habari hii huniuliza, "Mwalimu, na wewe bado unachora mistari?" Bado. Mkono ukilala usiku kucha huamka mzito, na leo nina ubao wa mteja unaonisubiri.

Saa 2 asubuhi. Kibandani kwangu, Mwananyamala. Kazi inayonilisha ni kuandika mabango: saluni, maduka ya dawa, mama lishe, ubavu wa bajaji. Leo ni bango la saluni, na jina lake linaanza na S yenye urefu wa futi moja. Kijana ninayemfundisha kazi ananitazama, halafu anauliza swali ambalo kila anayeanza huliuliza: "Kaka, kwa nini unasogeza mkono mzima? Mimi nikitumia kiganja tu naona ndiyo natulia."

Nimempa chaki na ukuta. Nikamwambia atulize kiwiko, achore mstari mrefu kwa kifundo cha mkono peke yake. Ukapinda kama ukingo wa sahani. Akarudia, ukapinda vilevile. Kifundo kinazunguka mahali pamoja, kwa hiyo kila kinachotoka hapo ni kipande cha duara, na kifupi. Mstari mrefu unataka bega. Siku za mwanzo bega litakusumbua, mistari itayumba kuliko ulivyozoea, na wengi huacha hapohapo wakidhani wamerudi nyuma. Vumilia wiki chache. Vitu vidogo kama nukta za jicho au mwandiko, hivyo chora kwa kiganja, hakuna aliyekukataza.

Saa 5. Rangi ya kwanza inakauka, nashika simu. Ujumbe mwingi. Ninunue penseli gani? HB moja (ya kati) na 2B moja (laini na nyeusi zaidi) zinatosha, na kwa mazoezi chukua kalamu ya kawaida ya dukani. Nitumie rula? Kwenye mazoezi hapana. Rula itanyoosha mstari, mkono wako utabaki ulivyo. Nina miaka 41, nimechelewa? Hapana. Sina kipaji, je? Hili nalijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu linaniuma. Nimeona watoto wengi walioambiwa darasani hawana kipaji wakaweka penseli chini moja kwa moja, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha hata namna ya kuishika.

Saa 7 mchana. Chapati na maharage kwa jirani. Kijana wangu amekuwa akilibeba swali lake tangu asubuhi: "Kaka, Tingatinga hakwenda shule ya sanaa. Maboksi haya unayotuchorisha darasani ya nini?"

Swali zuri, na hapa Dar ni lazima liulizwe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hardbodi, kwa rangi ya mafuta iliyokuwa ikiuzwa madukani. Alifariki mwaka 1972, na katika muda huo mfupi alikuwa ameshawaketisha ndugu zake pembeni yake wakajifunza kwa kutazama na kutenda. Chui wake hana kina cha umbali, wala mtindo ule hauuhitaji. Lakini mtazame mgongo wa yule chui: mstari mmoja, haujakatika, haujarudiwa. Nilimwambia kijana, ukitaka kuchora kwa mtindo ule, mazoezi ya mistari bado yanakuhusu. Maboksi yanakuhusu siku utakapotaka kuchora nyumba, meza au daladala iliyosimama kwa upande.

Saa 10 jioni. Darasa. Uani kwetu, benchi mbili, wanafunzi saba. Mkubwa kuliko wote ni muuguzi mstaafu. Namwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mwanangu," halafu akishakaa naye ananiita mwalimu kama wenzake.

Leo kila mmoja amepewa kiberiti. Kiweke mezani ukione pande tatu. Boksi lina kingo 12. Ukiona pande tatu, zinazoonekana ni 9. Chora hizo 9 kwa kalamu, bila kufuta. Hapo ndipo manung'uniko huanza. "Mwalimu, nikikosea?" Liache kosa lako hapo. Nilipokuwa naanza nilifuta hadi karatasi inatoboka, na kwa sababu kila kosa nililifuta, sikuwahi kujua nilikuwa nakosea nini. Nilikosea kilekile miaka miwili.

Wakimaliza nawapa kalamu nyekundu. Kila kundi la kingo zinazokwenda upande mmoja, ziendeleze kuelekea kule zinakokwenda mbali na wewe. Kwa macho yetu zinatakiwa zikaribiane kadiri zinavyokwenda mbali, kama kingo za barabara iliyonyooka. Mama ameweka miwani, amevuta mistari yake polepole, akakaa kimya. Kisha: "Zangu zinaachana." Ndivyo. Upande wa nyuma wa kiberiti chake ulikuwa mpana kuliko wa mbele. Nikamwambia akisogeze kiberiti karibu na jicho, kisha akinyooshee mkono mbali. Karibu, kingo zinakimbiliana kwa kasi; mbali, zinakaribia kuwa sambamba. Alifanya hivyo mara nne, tano, akicheka mwenyewe.

Binti wa fundi cherehani ameuliza: "Nirudie ukurasa huu mpaka uwe sawa ndipo niendelee?" Hapana. Huu ndio mtego unaowaua wanaoanza kwa wingi. Fanya ukurasa mmoja kwa makini, usahihishe kwa nyekundu, andika tarehe, nenda zoezi linalofuata. Utalirudia lile la kwanza kesho wakati wa kupasha mkono. Na kila siku ya mazoezi tenga muda wa kuchora unachokipenda hata kama kinatoka kibaya: mbuzi, gari, uso wa bibi yako. Anayechora maboksi tu miezi sita hukinai, na hasira yote humwangukia penseli.

Saa 12. Mwanga unapungua, tunamalizia na kikombe cha bati. Mdomo wa kikombe ni duara, lakini ukiutazama kwa pembe unauona duaradufu. Karibu wote wamechora ncha zake kali kama jicho la samaki. Ncha za duaradufu hazina kona, zinazunguka. Na karibu wote wamekata kitako kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa wanajua kikombe kimekaa bapa mezani. Nimewainamisha wakitazame tena. Ukikitazama kutoka juu, mviringo wa kitako ndio uliojaa zaidi kuliko wa mdomo. Nikakiinua hadi usawa wa macho yao: mdomo ukawa mstari mmoja tu. Mtoto wa kidato cha pili akasema, "Heee!" na akakinyakua mkononi mwangu akiinue mwenyewe.

Saa 3 usiku. Bango la saluni limekauka. Ile S imesimama vizuri, ila mkia wake ningeutaka mwembamba kidogo. Nakunja benchi. Kabla ya kuondoka mama alinionyesha boksi lake la pili. Nyekundu mbili zinakaribiana, moja bado imekaidi. Alikuwa ameizungushia ile iliyokaidi na kuandika pembeni, kwa mwandiko wa hospitali, "hii hapa". Kiberiti chake ameondoka nacho.