Zote?

Harusi ya kaka imepita salama, bibi harusi amekwishapelekwa kwake Pongwe na wageni wa Pemba wamerudi kwao, lakini mimi nimebaki na neno moja ambalo halitaki kunitoka.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, tukiwa uani tunakuna nazi. Shangazi alikuwa akisimulia jinsi mshenga alivyoisahau barua ya posa ndani ya daladala, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mdogo wangu Zuhura akaweka kifuu chini, akaniinamia na kuniuliza polepole, "Dada, umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

Akanyamaza kidogo. "Zote?"

Shangazi akageuza uso. Mkono wangu wa kulia, ambao siku zote lithiamu, dawa ninayokunywa kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, huutetemesha kidogo, ukazidi kutetemeka hata nazi ikamwagika nje ya sinia. Tangu hapo nimelirudia neno hilo nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, hata nikiwa juu ya mswala. Tulicheka sote, kwa nini niulizwe mimi peke yangu? Inauma mno furaha ya mtu kuhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa.

Hayo ndiyo niliyokusudia kuyaandika, na bado ninayaamini. Lakini usiku ule nilifungua daftari ninamoandika usingizi wangu, nikakuta Jumatatu nililala kwa muda wa saa 7, Jumanne 6, Jumatano 4 na nusu, Alhamisi 3, na sikuwa nimechoka hata chembe. Hapo nikaogopa, kwa sababu anayekosa usingizi kwa pilikapilika za shughuli huamka amechoka, ilhali mwenye baipola anapoanza kupanda hulala kidogo na bado hujiona ana nguvu za kuhamisha mlima. Mwaka 2019 nilianza vivyo hivyo, na kufikia usiku wa tano nilikuwa nimekopa fedha za kikoba na kununua doti 60 za kanga. Zuhura ndiye aliyezibeba kichwani, duka hadi duka, akiwasihi wenye maduka wazipokee tena, na mpaka leo hajanitajia ni wangapi waliomfukuza.

Basi nikazima simu, nikamwachia yeye upishi, nikapanda kitandani mapema, saa tatu ya usiku. Shangazi alinipa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya kiuno, nikaikataa, kwa kuwa huzifanya figo zishindwe kuitoa lithiamu vizuri, ikajaa kwenye damu. Jumatatu iliyofuata nilitolewa damu kupima kiwango cha lithiamu, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na majibu yamesoma 0.7, katikati ya 0.6 na 1.0 anazozitaka daktari. Kwa hiyo nilikuwa nimekunywa zote, na bado mdogo wangu aliona sawasawa. Nitamwomba aanze kuniuliza habari za usingizi kabla ya dawa, na aniulize tukiwa wawili.

Mama anakohoa chumba cha pili ninapoandika haya. Anasema ni moshi wa kuni za harusi, lakini kikohozi hicho kilianza kabla ya kuni kuletwa, na hii ni wiki ya tatu.