Dhahabu ipo ardhini, fedha za kumalizia mgodi ziko wapi?

Kampuni ya dhahabu ambayo nina hisa zake imeahirisha tena uzalishaji. Mtambo wa kuchenjulia ulikuwa uwashwe mwaka huu, sasa tunaambiwa mwakani, na papo hapo wanahisa tunaombwa tununue hisa mpya kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni. Jina lake naliacha, kwa sababu tulio na hisa chache kwenye migodi isiyoanza kuzalisha ni wengi na mabishano yetu ni yale yale. Mwenye imani anakwambia dhahabu haijaenda popote, ipo pale pale. Aliyechoka anakwambia uza ungali na cha kuuza.

Naona wote wawili hawajagusa penyewe. Mara nyingi kinachomwangusha mwanahisa mdogo ni fedha kuisha kabla mgodi haujaanza kujilipa. Kila mwezi wa kuchelewa, mishahara inalipwa, riba inalipwa, mafuta yananunuliwa, na hakuna hata gramu iliyouzwa.

Waliokuwa na hisa za Sirius Minerals ya Uingereza wanalijua hili vizuri. Kampuni ilikuwa inajenga mgodi wa polihalaiti, madini ya mbolea, karibu na Whitby: shimo la zaidi ya mita 1,500 kwenda chini, na njia ya chini kwa chini ya kilomita 37 ya kupeleka mzigo hadi Teesside, eneo la viwanda na bandari. Kwamba madini yapo, hilo halikuwa tatizo. Wanahisa wadogo walikuwa takriban 85,000, wengi wao wakazi wa eneo hilo hilo. Septemba 2019 kampuni ikashindwa kuuza hatifungani, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji, za dola milioni 500, na bila hizo mkopo wa dola bilioni 2.5 uliopangwa na benki ya JPMorgan haukuweza kuchukuliwa. Januari 2020 kampuni kubwa ya madini, Anglo American, ikaja kutaka kuinunua kwa peni 5.5 kwa kila hisa, hisa ambayo mwaka 2018 iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya peni 30. Machi kura ikapigwa, ofa ikapita. Wengi walikubali kwa uchungu, kwani wakurugenzi walishaonya kwamba ikikataliwa kampuni inaweza kufilisika. Na hata Anglo, pamoja na ukubwa wake, mwanzoni mwa 2023 ilitangaza kupunguza thamani ya mradi huo vitabuni kwa dola bilioni 1.7, na mwaka 2024 ikapunguza kasi ya ujenzi.

Kisa cha Rubicon Minerals ya Kanada kinaniuma zaidi, maana dalili ilikuwa wazi kwenye karatasi. Waliingia kujenga mgodi wa Phoenix, Red Lake, bila upembuzi yakinifu kamili, yaani uchunguzi wa kina wa kama mgodi utalipa. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa Juni 2015. Novemba kazi ya chini ya ardhi ikasimamishwa. Januari 2016 makadirio mapya yakakata kiasi cha dhahabu kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo ile picha ya tofali la kwanza la dhahabu, ambayo sote tunaisubiri kwa hamu, peke yake haithibitishi kitu.

Kampuni yetu imeorodheshwa Australia, na huko kampuni za uchimbaji zisizozalisha hutakiwa kutoa taarifa ya mtiririko wa fedha kila robo mwaka. Ni kurasa chache tu. Wengi husoma barua ya mkurugenzi yenye picha za vyuma na winchi, wakaishia hapo. Mimi huruka hadi sehemu ya nane. Pale pana mstari unaochukua fedha zilizopo, pamoja na mikopo iliyokubaliwa ambayo haijachukuliwa, na kuzigawa kwa zilizotumika kwa uendeshaji na utafutaji wa madini robo iliyopita, na jibu lake ni idadi ya robo ambazo kampuni inaweza kuendelea kuishi. Likiwa chini ya mbili, lazima waeleze watapata wapi nyingine. Letu lilikuwa chini ya mbili, na maelezo yake ni kwamba bodi ina imani. Sikuridhika.

Hisa mpya nazo zipigiwe hesabu. Tuseme kampuni ina hisa milioni 100 nawe unazo 10,000. Ikitoa nyingine milioni 100 usinunue, sehemu yako inakatika nusu, ilhali mgodi ni ule ule na wakia ni zile zile. Na bado mbele yako kwenye foleni ya kulipwa yupo mkopeshaji, na yupo aliyetanguliza fedha ili auziwe sehemu ya dhahabu kwa bei ya chini, mara nyingi kwa maisha yote ya mgodi. Mikataba ya namna hiyo naisoma kwanza kabla ya ripoti za uchorongaji.

Nimemwandikia katibu wa kampuni maswali matatu. Kumalizia ujenzi kuanzia leo kutagharimu kiasi gani, tukiachana na bajeti ya zamani? Akiba ya dharura imebaki ngapi? Na wakurugenzi watanunua hisa hizi mpya kwa fedha zao wenyewe? Hilo la tatu ndilo ninalolisubiri zaidi, kwa sababu wao wanajua hali ya mtambo kuliko sisi.

Dirisha la kununua linafungwa mwisho wa mwezi. Likija jibu lenye tarakimu, nitachukua fungu langu lote. Likija lile la imani, nitaliacha dirisha lipite, na hisa nilizonazo nitazitumia kumpigia mwenyekiti kura ya hapana kwenye mkutano mkuu. Wenzangu kadhaa nimeshawaomba wafanye hivyo hivyo.