Nilivyolinganisha ubao na ndoo ya mahindi katika kufundisha kosa sanifu

Swali lilikuwa moja: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huelewa zaidi kosa sanifu (kipimo cha jinsi matokeo ya sampuli yanavyotofautiana kutoka sampuli moja hadi nyingine) akianza na kanuni ubaoni, au akianza kwa kuchota sampuli kwa mkono wake? Nilikuwa na semina nne, kila moja watu 30.

Wazo la kuzipa semina mbili njia hii na mbili njia ile nililiacha mapema. Watu wa semina moja hufanana: hujadiliana, na husinzia pamoja kipindi kikiangukia saa nane mchana. Ufanano huo ukiwa 0.05 tu, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kikamilifu, 1 + 29 × 0.05 (29 ni wenzake wa semina) ni 2.45; gawa 120 kwa hiyo, na watu 120 wanabaki na uzito wa watu 49 hivi wasiofanana. Nikapiga kura ndani ya kila semina, 15 huku, 15 kule.

Ndoo ilikuwa na punje 2,000 za mahindi, 800 za njano na 1,200 nyeupe. Usichanganye maharage na choroko: ukitikisa, zilizo kubwa hupanda juu na sampuli inaharibika kabla hujaanza. Kila mmoja alichota 25 bila kutazama, akaandika sehemu ya njano, akazirudisha; kisha akachota 100. Nukta 15 ubaoni kwa kila ukubwa zinatosha kuonyesha mtawanyiko ukipungua. Kwa hesabu, kosa sanifu hushuka kutoka karibu 0.10 hadi karibu 0.05.

Upande wa ubao ulimaliza mapema, kwa hiyo ulifanya mazoezi hadi dakika zilingane. Bila hivyo unalinganisha muda, si njia.

Karatasi za jaribio zilikuwa mbili, A na B, maswali 10 kila moja. Nusu ya kila upande walifanya A kabla ya somo na B baada yake, wengine kinyume chake, maana karatasi rahisi ikija mwisho hujifanya maendeleo. Maswali ya kukokotoa hayakupambanua kitu. Lililopambanua ni kama hili: sampuli ikiongezwa mara nne, kosa sanifu linakuwaje? Linakuwa nusu, kwa kuwa hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli. Anayejibu "robo" amesahau kipeuo hicho, au hakuwahi kukielewa.

Alama za mwisho nililinganisha nikizingatia za awali. Aliyejipenyeza upande wa pili alihesabiwa pale kura ilipomweka. Ukimfuata alikokwenda, wenye bidii hujichagulia njia na kura haina kazi tena. Baada ya jaribio la mwisho pande zilibadilishana, asibaki aliyenyimwa mahindi.